Suluhu ya Yanga na MC Alger kwa Mkapa: tulikwama wapi hasa?

#1 Kisiki cha Jangwani, 18 Januari 2025

Wakuu, nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, lakini haijapoa. 0-0. Nyumbani, tukihitaji goli moja tu. MC Alger wameingia na alama 8, sisi 7. Ushindi wowote, hata wa goli la mkono wa Mungu dakika ya 97, ungetufikisha 10 na wao wangebaki na 8. Tumemaliza na 8, wao 9. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika tutaitazama kwenye televisheni.

Kutolewa kupo kwenye mpira, hilo nalijua. Kinachonichoma ni kwamba Februari mwaka jana, kwenye nyasi hizi hizi, tuliwafunga CR Belouizdad 4-0, nao ni Waalgeria, nao tulikuwa lazima tuwafunge. Leo limetushinda goli moja.

Dai langu ni hili: hatuna mpango wa kuifungua timu iliyojaa nyuma. Kukimbia tunajua, kukaba kuanzia juu tunajua. Ukituachia mpira tukae nao wenyewe, tunageuka timu ya krosi. Mwenye maelezo mengine ayalete, ila alete ya mpira. Mambo ya "haikuwa siku yetu" leo sitaki.

#2 Msimbazi Damu, 18 Januari

Poleni watani. Kesho sisi Simba tunashuka hapo hapo na CS Constantine, Kombe la Shirikisho, bila shabiki hata mmoja kwa sababu ya adhabu ya CAF, shirikisho la soka Afrika. Nitarudi hapa baada ya mechi.

#3 Kocha wa Mtaani, 18 Januari

Kisiki, krosi zenyewe hazina kosa. Kosa ni mahali zinapopigiwa.

Timu inayolinda sare inapanga mistari miwili. Mabeki wanne au watano kwenye ukingo wa kumi na nane, yaani eneo la penalti, viungo wanne mita 8 hadi 10 mbele yao. Kwa upana wanajibana ndani ya mita 40 hivi, wakati uwanja una 68. Yaani pembeni wamekuachia kwa makusudi. Beki wako wa pembeni anapokea mita 30 kutoka golini, hana mtu, anaona raha, anainua. Mabeki wao wa kati wanauona mpira na wanamuona straika kwa jicho moja, wanaruka huku wanatazama mbele. Hizo hata ukipiga 40, unawafanyisha mazoezi ya vichwa.

Krosi inayoua inatoka kwenye mstari wa mwisho, ndani ya kumi na nane, ikirudi nyuma chini chini kuelekea alama ya penalti. Hapo beki anakimbia akitazama goli lake, mtu wake yuko mgongoni, akigusa vibaya anajifunga. Kufika pale panahitaji watu watatu upande mmoja: winga anakanyaga chaki ya pembeni ili amvute beki wa pembeni, beki wetu wa pembeni anapita kwa ndani yake badala ya kuzunguka nje, na kiungo anasimama nyuma kidogo kukamilisha pembetatu. Gonga, pita, pokea. Sisi pale pembeni tunakuwa wawili, wao watatu, tunaishia kurudisha kwa beki wetu Job.

#4 Nyota Njano, 18 Januari

Tofauti ya magoli ndiyo imetumaliza jamani. Zile mbili za Al Hilal na mbili za Algiers.

#5 Hesabu za Kundi, 18 Januari

@Nyota Njano hapana. Tofauti ya magoli haikuguswa kabisa, wametuzidi alama moja. Na hata tungelingana nao, CAF inaanza na mechi za wenyewe kwa wenyewe kabla ya kutazama magoli ya kundi zima.

Mechi zetu sita: Al Hilal nyumbani 0-2, MC Alger ugenini 0-2, Mazembe ugenini 1-1, Mazembe nyumbani 3-1, Al Hilal kule Nouakchott, Mauritania, 1-0, leo 0-0. Magoli matano ya kufunga kwa mechi sita, na matatu kati ya hayo yamepatikana siku moja. Ukitaka kujua ugonjwa uko wapi, anzia hapo.

Na la kuumiza zaidi: msimu uliopita tulimaliza na alama 8 hizi hizi tukapita. Belouizdad nao walikuwa na 8, tukawazidi kwa mechi za wenyewe kwa wenyewe, 4-0 yetu dhidi ya 3-0 yao. Alama zile zile, mwaka mmoja mlango unafunguka, mwaka mwingine unafungwa.

#6 Mama Jezi, 18 Januari

Mnaijadili mechi ya leo kana kwamba kundi limeanza leo. Kocha Gamondi ameondolewa tarehe 15 Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, Ramović kakabidhiwa timu, na siku 11 baadaye Al Hilal hawa hapa. Siku 11 kumbadilishia mtu namna ya kukaba, namna ya kupanga mstari, kila kitu. Tukafungwa 2-0 nyumbani. Sare tu siku ile ingetosha kutuvusha.

#7 Beki Namba Tano, 18 Januari

@Mama Jezi kwa heshima zote, isingetosha. Tungekuwa na 9, MC Alger 9, halafu wao wametufunga 2-0 Algiers na leo 0-0. Wanapita wao.

#8 Hesabu za Kundi, 18 Januari

Beki, umesahau upande wa pili wa hesabu. Al Hilal wamemaliza na 10, na tatu kati ya hizo walizichukua kwetu. Ile mechi ikiwa sare, wanabaki na 8. MC Alger 9, sisi 9, Al Hilal 8. Tunapita wote wawili, sisi na Waalgeria, anayebaki ni Ibenge, kocha wa Al Hilal, na timu yake. Mama Jezi yuko sahihi.

Ila Al Hilal walifika 10 mapema, wakacheza mechi mbili za mwisho bila presha, na moja ni ile tuliyowafunga Nouakchott. Wangekuwa na shida ya alama, huenda ushindi ule tusingeupata kirahisi. Kwa hiyo hesabu inakubali, ila mpira nao ungebadilika.

#9 Mama Jezi, 18 Januari

Ahsante Hesabu. 26 Novemba ndiyo siku tuliyotolewa.

#10 Kocha wa Mtaani, 19 Januari

Nakubaliana na Mama Jezi kuhusu kocha, ila kwa sababu nyingine.

Mpira wa Ramović unategemea mpinzani ajaribu kujenga kutoka nyuma. Anajenga, unamvamia watu watatu, unaupora mita 30 kutoka goli lake, mabeki wake wametawanyika, pasi mbili uko na kipa. Mazembe walikuja Dar kucheza, tukawapiga tatu, mbili za Mzize na moja ya Aziz Ki. Sasa timu inayohitaji sare haijengi chochote. Kipa anapiga mrefu, wanagombea mpira wa pili, wakiukosa wanarudi kwenye mistari yao. Hakuna cha kuvamia. Silaha yako kubwa inabaki kabatini na unalazimika kutumia ile ambayo hujainoa.

Presha ya juu inafundishika haraka kwa sababu ni kanuni chache: nani anatoka kwanza, nani anafunga njia ya kiungo, nani anabaki. Kufungua ukuta ni suala la watu kuzoeana. Winga ajue bila kutazama kwamba beki wake anapita ndani. Kwa miezi miwili yenye ligi na safari katikati, muda huo umeupata wapi?

#11 Safari Ndefu, 19 Januari

Kocha umeeleza vizuri, lakini mnaruka jambo jepesi: miguu. Tarehe 4 Dar, tarehe 12 Nouakchott, tarehe 18 Dar. Nouakchott iko ng'ambo ya bara, saa tatu nyuma yetu, na ndege ya moja kwa moja hakuna. Kati ya 12 na 18 unahesabu siku sita. Toa za kusafiri na kubadilisha ndege, toa ya kurudisha mwili, toa ya mwisho ya mazoezi mepesi. Mazoezi ya kweli yamebaki mawili. Na msuli uliokimbia dakika 90 unataka saa 48 hadi 72 ndipo urudi sawa.

Halafu ni Januari. Joto la Dar na unyevu ule wa pwani humchosha anayetafuta goli kuliko aliyesimama. Anayekimbilia nyuma ya beki anakimbia mita 25 na kurudi, kila mara. Beki anasogea mita tano.

#12 Beki Namba Tano, 19 Januari

@Safari Ndefu uchovu upo, ila hauelezi kwa nini tulikuwa hivi tangu mwanzo wa mechi. Uchovu unaonekana dakika ya 65 kwenda mbele. Halafu sheria inakupa mabadiliko matano, kwa kusimamisha mchezo mara tatu, mapumziko hayahesabiwi. Ukiwa unatafuta goli nyumbani, mawili ya kwanza yafanyike mapumziko au kabla ya dakika ya 60. Mchezaji anayeingia dakika ya 80 anahitaji dakika tano hadi saba kuzoea kasi, na mpinzani akila muda unabaki na mipira miwili ya maana.

Nilichokiona mimi ni namba kumi, yule mchezeshaji wa nyuma ya straika. Mkipata picha za marudio, mwangalieni Aziz Ki anapopokea. Mabeki wao wakikaa ndani sana anashuka kuchukua mpira miguuni mwa kiungo wetu Aucho. Anaupata, anageuka, uso kwa uso na ukuta, lakini nyuma ya viungo wao sasa hakuna mtu wetu. Watu sita mbele ya basi, yaani ukuta wao, wawili ndani ya kumi na nane, katikati tupu. Namba kumi wa mechi kama hii anatakiwa asubiri. Akae mgongoni kwa kiungo wao, mwili wake nusu mbele nusu pembeni, mguu wa mbali tayari, ili mpira ukifika mguso wa kwanza umpeleke golini. Kukaa dakika nne bila kugusa mpira kunamuuma mchezaji wa aina yake, anataka kuhangaika. Benchi ndilo la kumwambia atulie.

#13 Nyota Njano, 19 Januari

Mnamlaumu Aziz Ki ambaye ndiye kafunga goli la Nouakchott. Bila yeye hata ushindi wa goli moja jana usingetosha.

#14 Beki Namba Tano, 19 Januari

Simlaumu ndugu yangu. Nasema pa kusimama. Anaposhuka ni kwa sababu mpira haumfikii kule juu, na haumfikii kwa sababu mabeki wetu wa kati wanapiga pasi za pembeni tu. Bacca na Job wakitembea na mpira mpaka mstari wa kati na kuupita, kiungo mmoja wao lazima atoke kuwazuia. Akitoka, mlango umefunguka nyuma yake. Asipotoka, tembea tena mita tano.

#15 Babu Kona, 19 Januari

Nimesoma yote mpaka hapa, hakuna aliyetaja mpira wa kutenga. Timu ikijaza watu tisa nyuma unapata kona na faulo za pembeni nyingi kuliko siku ya kawaida. Hizo ndizo nafasi zako, na unazipata bila kuufungua ukuta.

Kona si "weka ndani tuone". Inapangwa hivi. Watano ndani: mmoja anasimama mbele ya kipa, bila kumgusa, kazi yake ni kumkatia njia tu. Mmoja anakimbilia nguzo ya karibu, hata kama mpira hauji huko, ili avute beki mmoja. Wawili wanaanzia pamoja karibu na alama ya penalti, halafu wanaachana ghafla, mmoja katikati na mmoja nguzo ya mbali. Wa tano anamzuia beki wao mrefu kuliko wote asiruke kwa uhuru. Nje, mmoja kwenye ukingo wa kumi na nane kwa mpira unaorudi, mmoja karibu na mpigaji kwa kona fupi. Wawili nyuma, na kipa anatoka mpaka nusu ya eneo letu.

Mpira unaoingia, yaani mguu wa kushoto upande wa kulia, ni kwa ajili ya fujo karibu na kipa. Unaotoka ni kwa ajili ya kichwa cha kukimbilia. Uchague mmoja kulingana na kipa wao, ukiwa umeshamtazama kwenye mechi tatu za nyuma. Kuwabadilisha ovyo kunawafanya wakimbiaji wako wasijue mpira unaanguka wapi, wanafika mapema au wanachelewa.

Bacca yule kwa kichwa chake, sare tasa nyumbani inaniuma kuliko ninyi nyote.

#16 Kisiki cha Jangwani, 19 Januari

Babu Kona umenigusa. Kwa hiyo sasa tuna: pembetatu ya pembeni (#3), Novemba (#6), mpira wa presha hauna kazi mbele ya basi (#10), miguu (#11), namba kumi (#12), kona (#15). Mimi bado nasimamia mpango. Haya mengine yote, isipokuwa miguu, ni mpango kwa majina tofauti.

#17 Nyasi Fupi, 19 Januari

Kabla hamjamaliza na mpango, tazameni sakafu yenyewe.

Pasi za kufungua ukuta zinataka mpira ukimbie. Nyasi za mechi hukatwa kama milimita 25 hivi, zikifika 35 mpira unashikwa. Na zinamwagiwa maji kidogo muda mfupi kabla ya mechi na mapumziko, ili mpira uteleze. Nyasi kavu, ndefu kidogo, pasi ya mita 20 inafika nusu sekunde nyuma ya muda wake. Nusu sekunde kwenu ni ndogo. Kwa beki anayesogea upande kufunga mlango ni mita mbili au tatu, yaani mlango wote.

Mwenyeji anayetafuta goli akate fupi, amwagie maji. Mgeni anayetafuta sare anaomba uwanja mkavu. Na ule uwanja unabebeshwa mizigo: jana sisi, leo Simba. Mizizi ya nyasi haipumziki, kwanza zinachanika kwenye mistari ya pembeni na golini, mahali pale pale ambapo Kocha anataka watu wake wagongeane.

#18 Kocha wa Mtaani, 19 Januari

Kweli tupu. Ila Mazembe tuliwafunga tatu kwenye nyasi hizo hizo wiki mbili nyuma.

#19 Nyasi Fupi, 19 Januari

Mazembe hawakufunga mlango. Umesema mwenyewe #10.

#20 Pwani Huru, 19 Januari

Salaam. Mimi nataka kuongeza jambo la muda. Mgeni anayelinda sare haibi dakika zako kwa mkupuo, anaiba sekunde 15 hapa, 20 pale. Kipa kafunga kamba ya kiatu, mrushaji kampisha mwenzake arushe yeye, mtu kalala. Sheria inampa kipa sekunde 6 za kukaa na mpira mikononi, adhabu ni faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya kumi na nane, na waamuzi karibu wote hawaitoi kwa sababu ni kubwa mno kwa kosa dogo.

Mwenyeji anacho cha kufanya. Waokota mipira wafundishwe. Mpira ukitoka, mwingine uwe umeshawekwa mahali pake, mrushaji asimsubiri mtoto. Kurusha haraka kabla mistari yao haijapangika ni shambulizi bora kuliko krosi kumi, tena kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea! Sisi tunarusha mpira kama tunaomba ruhusa.

#21 Msimbazi Damu, 19 Januari

Nimerudi kama nilivyoahidi. Simba 2, CS Constantine 0. Kibu na Ateba. Waalgeria, uwanja ule ule, siku moja baada yenu, majukwaa matupu. Tunaongoza kundi letu kwa alama 13.

Sasa mnijibu: je, si mashabiki wenu waliowatia kiwewe wachezaji? Kila pasi ya nyuma mnaguna, kila mtu anapiga mbele haraka kuwafurahisha.

#22 Mama Jezi, 19 Januari

Hongereni watani. Lakini hilo la kuguna nalikubali, linaniuma kulikubali. Timu inayofungua basi inahitaji ruhusa ya kurudisha mpira nyuma na kuanza upande mwingine. Unapeleka kulia pasi nne, wanasogea wote kulia, unarudisha haraka kwa kiungo, anabadilisha kwenda kushoto kwa mguso mmoja au miwili. Wakati ule wa kurudisha ndipo jukwaa linaponung'unika, na kijana wa miaka ishirini na kitu anasikia. Anaacha kubadilisha, anainua krosi. Tunashangilia krosi. Kipa anadaka.

#23 Hesabu za Kundi, 19 Januari

@Msimbazi Damu hongera, ila mfano wako una ufa. Simba na Constantine wote wawili walishafuzu kabla ya mechi, mlikuwa mnagombea nafasi ya kwanza. Constantine hakuwa na sababu ya kujaza watu tisa nyuma kama MC Alger. Ile ilikuwa mechi ya wazi.

#24 Msimbazi Damu, 19 Januari

Mbili ni mbili.

#25 Kamalondo, 20 Januari

Jambo bandugu. Niko Lubumbashi, sisi tumeshika mkia na alama 5, kwa hiyo maumivu tunayajua. Mnasahau mechi ya kwetu. Straika wenu Dube alisawazisha kwenye dakika za nyongeza, mwisho kabisa. Mngekuwa mmeanza kutafuta goli lile saa nzima mapema, mngeondoka na tatu na leo mna 10. Yanga ilikuja kwetu kwa kuchelewa, ikamaliza kundi kwa kuchelewa.

#26 Kisiki cha Jangwani, 20 Januari

Kamalondo, ahsante. Hilo sikulifikiria. Mechi ya Lubumbashi tuliishangilia kama ushindi.

#27 Nyota Njano, 4 Februari 2025

Ramović ameondoka, anaenda CR Belouizdad. Hamdi anachukua timu. @Kocha wa Mtaani ule "muda wa kuzoeana" wa #10 unaanza upya.

#28 Kocha wa Mtaani, 4 Februari

Unaanza upya kabisa. Wachezaji ni wale wale, ndiyo nafuu. Kocha mpya akitaka ushauri wa bure: Dube na Mzize wacheze pamoja siku mpinzani akijaa. Mmoja anawashika mabeki wawili wa kati wasitoke, mwingine anaelea kati ya beki wa kati na beki wa pembeni. Straika mmoja mbele ya mabeki watatu amefungwa kabla mechi haijaanza.

#29 Msimbazi Damu, 25 Mei 2025

Naufufua uzi huu mwenyewe, watani mnisamehe maneno ya Januari. Simba 1, RS Berkane 1, uwanja wa Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho. Tulifungwa mbili kule Berkane ndani ya robo saa ya kwanza, leo tulihitaji mawili ili kusawazisha. Mutale kafunga mapema, uwanja umewaka, nikasema hii ni Al Masry nyingine, maana wale tuliwarudishia mbili zao hapo Mkapa tukawatoa kwa penalti. Kipindi cha pili kimeanza tu, Kagoma kadi nyekundu. Goli la Mukwala likakataliwa kwa kuotea baada ya marudio ya video ya VAR. Dakika za nyongeza wakasawazisha. Sare ya nyumbani, kombe limeondoka mbele ya macho yetu.

#30 Kisiki cha Jangwani, 25 Mei

Pole sana mtani, kwa moyo mweupe. Leo hakuna utani.

#31 Beki Namba Tano, 25 Mei

Pole Msimbazi. Yenu ilipotea Berkane. Robo saa ya kwanza ugenini kwenye fainali ni ya kuipoteza kwa makusudi: kipa achelewe, mpira upigwe mrefu, faulo zichezwe katikati ya uwanja, mechi isinzie. Ukitoka pale 1-0 au 0-0, mechi ya Amaan inakuwa nyingine, na watu kumi wanaweza kuibeba.

#32 Nyasi Fupi, 25 Mei

Na kilichowapeleka Amaan ni nini? Eneo la kuchezea la Mkapa. CAF waliona hali yake haifai, nusu fainali na fainali zikahamia Zanzibar. Yale ya #17 mlidhani ni visingizio vya shabiki wa Yanga.

#33 Msimbazi Damu, 25 Mei

Amaan haikutufunga. Nusu fainali tuliwafunga Stellenbosch pale pale.

#34 Pwani Huru, 26 Mei

Kwa faida ya wote, kuhusu #20: kuanzia Julai sheria ya kipa inabadilika. Anapewa sekunde 8 badala ya 6, refa anainua mkono kuhesabu tano za mwisho, na akizidisha adhabu ni kona. Adhabu imekuwa ndogo, kwa hiyo waamuzi watathubutu kuitoa. Timu zinazokuja kwetu kulinda sare zitaumia kidogo.

#35 Babu Kona, 26 Mei

Kona! Basi hapo ndipo mtanikumbuka.

#36 Mlima Kasarani, 22 Agosti 2025

Habari zenu majirani, nawasalimu kutoka Nairobi. Nimeelekezwa huku na rafiki. CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, robo fainali, Kenya 1 Madagascar 1, pale Kasarani, tumetolewa kwa penalti 4-3. @Babu Kona, goli letu lilikuwa kichwa cha Alphonce Omija, kutokana na kona, kipindi cha pili kikiwa kimeanza tu. Kwa hiyo kona ilifanya kazi yake. Wakasawazisha kwa penalti na tukashindwa kuongeza la pili. Kuna mtu anaweza kunieleza timu inapaswa kufanya nini ikishaongoza moja nyumbani, dakika 40 zimebaki?

#37 Kisiki cha Jangwani, 22 Agosti

Karibu jirani, na pole. Sisi Tanzania usiku huu huu tumetolewa na Morocco 1-0, kwa hiyo uko msibani kwa wenzako.

#38 Kocha wa Mtaani, 23 Agosti

Mlima, ukishaongoza yeye ndiye anayetakiwa kutoka. Kosa la wengi ni kurudi kulinda mita 20 kutoka golini, ambako kila mpira uliogonga mtu ni hatari ya penalti. Kaa kwenye mstari wa kati, mabeki wawe mita 40 mbele ya kipa, na uache winga wawili wenye kasi juu. Akileta watu mbele, nyuma yake kuna nafasi ambayo mwanzo wa mechi hukuwa nayo.

#39 Beki Namba Tano, 23 Agosti

Sikubali. Mstari wa mita 40 na miguu iliyochoka ni kualika mpira mmoja mrefu. Shuka mpaka 30, ila usiruhusu krosi, mtoe mtu wa kumkabili mpigaji kila mara, hata kama ni winga wako.

#40 Babu Kona, 23 Agosti

Na kwenye kona zao acheni mmoja juu. Mkirudi wote kumi na mmoja, mpira ukitolewa kwa kichwa unaangukia kwao tena.